Dap-Kings na Back to Black: bendi ilikodisha nini, ikabaki na nini

Mwaka 2006 kazi ya kukodishwa iliingia katika nyumba moja kuukuu ya mtaa wa Troutman, Bushwick, upande wa Brooklyn jijini New York. Prodyuza Mark Ronson alikuwa na rekodi za majaribio alizotengeneza pamoja na mwimbaji wa Kiingereza, Amy Winehouse, na sasa alitaka zipigwe upya na watu. Winehouse alikuwa amemsikilizisha vikundi vya wasichana vya miaka ya 1960, hasa Shangri-Las, akasema anataka nyimbo zake ziwe na mlio wa namna hiyo. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na bendi iliyokuwa imeutumikia mlio huo kwa miaka, ikiupiga kwenye kumbi ndogo wakati hakuna kampuni kubwa iliyoutaka. Bendi hiyo ni Dap-Kings, na mwimbaji wake ni Sharon Jones.

Yaliyofuata yanajulikana. Albamu ya Back to Black ilitoka Uingereza Oktoba 2006, ikasambaa duniani, na Februari 2008 Winehouse akazoa tuzo 5 za Grammy kwa usiku mmoja. Mamilioni ya watu walizisikia drams, magitaa na tarumbeta za Dap-Kings kabla hawajalisikia jina lao, na wengi hawajalisikia mpaka leo.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wasemao bendi iliibiwa: mlio wao ulichukuliwa, sifa zikaenda kwa mwingine. Wapo wasemao bendi iliokota dodo chini ya mwarobaini: walikuwa hawajulikani, wakaja kujulikana kupitia mgongo wa Winehouse. Nimezisikia simulizi zote mbili mara nyingi na zote mbili zinaniacha na njaa, kwa sababu zinaruka swali ambalo mwanamuziki yeyote wa bendi angeuliza kwanza: nini hasa kilikodishwa siku zile, na nini kilibaki ndani ya nyumba baada ya mgeni kuondoka?

Walikotoka

Sharon Lafaye Jones alizaliwa mwaka 1956 Augusta, Georgia, mji aliokulia James Brown, akalelewa Brooklyn. Kuimba alijifunzia kanisani. Kwa miaka mingi aliitikia nyuma ya waimbaji wengine studioni na kuimba katika bendi za harusi, na muziki ulipomnyima riziki akavaa sare: alikuwa askari magereza Rikers Island, kisha mlinzi mwenye silaha wa magari ya kusafirishia fedha. Alisimulia mara nyingi jinsi mtu wa kampuni ya rekodi alivyomwambia usoni kwamba ni mfupi mno, mnene mno, mweusi mno, na umri umeshamtupa mkono. Msomaji ayaweke maneno hayo akilini, maana bila hayo hesabu ya mwaka 2006 haikamiliki.

Mwaka 1996, akiwa anaikaribia miaka 40, aliitwa kuitikia katika rekodi ya Lee Fields, mwimbaji wa soul wa siku nyingi. Waliokuwa wakirekodi ni vijana wawili, Gabriel Roth na Philippe Lehman. Walitarajia waitikiaji watatu. Sharon akasema hakuna haja ya kulipa watatu, akaziimba sauti zote mwenyewe. Vijana wale wakajua wamempata mtu.

Roth na Lehman walikuwa na lebo iitwayo Desco, iliyotoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zenye sura na mlio wa zamani. Walikwenda mbali hadi kuvuka mpaka: mwaka 1998 walitoa albamu ya Afrobeat kwa jina la Daktaris, neno la Kiswahili juu ya muziki wa mtindo wa Nigeria uliopigwa New York, na jalada likampa mnunuzi picha kwamba ni rekodi ya kale iliyotoka Afrika. Siwezi kuusifu mchezo ule. Mtu anayenunua santuri ana haki ya kujua nani amepiga, wapi na lini. Lakini unaonyesha jambo moja: masikio ya wakusanyaji wa santuri yalidanganyika, kwa hiyo uwezo wa kuutoa mlio ule ulikuwapo tayari. Kilichokosekana ni kuutumia kwa majina halisi na nyimbo mpya.

Desco ilivunjika mwaka 2000. Mwaka uliofuata Roth, ambaye kwenye besi hujiita Bosco Mann, aliungana na mpuliza saksafoni Neal Sugarman wakaanzisha lebo ya Daptone. Albamu ya kwanza ya Sharon na Dap-Kings ilitoka 2002. Wakapanga nyumba ya familia mbili Bushwick, eneo ambalo wakati huo halikuwa la watu wenye fedha, wakaigeuza studio kwa mikono yao wenyewe. Wapigaji walibomoa na kupigilia, na Sharon mwenyewe alishiriki kufunga nyaya za umeme.

Mlio ule hutokaje

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani siri ya muziki wa aina hii iko kwenye mashine.

R&B ya zamani na soul ya mwanzo ni muziki uliorekodiwa Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1940 hadi kiasi cha katikati ya miaka ya 1960: Ray Charles, Sam Cooke, kisha nyumba za kurekodi za Stax ya Memphis, Motown ya Detroit na studio za Muscle Shoals, Alabama. Nyumba hizo kila moja ilikuwa na bendi yake ya ndani. Stax walikuwa nao Booker T. & the M.G.'s, Motown walikuwa nao Funk Brothers. Waimbaji walipishana mlangoni, bendi ikabaki ileile, na ndiyo maana sikio hutambua wimbo wa Motown kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hata hivyo Motown haikuandika majina ya wapigaji hao kwenye majalada yake kwa miaka mingi. Iliwataja mwaka 1971 katika What's Going On ya Marvin Gaye. Muziki huo ulifika mbali na kuwatia wakubwa wasiwasi: Dar es Salaam, mwishoni mwa mwaka 1969, mamlaka ya mkoa iliipiga marufuku soul katika kumbi za dansi, vijana wakiwa wamekolea kuwaiga akina James Brown.

Studio za enzi hizo zilikuwa na mashine za tepu zenye njia chache, yaani sehemu za kurekodia sauti kila moja peke yake. Nyingi zilikuwa na 1, 3 au 4. Leo programu ya kompyuta ina njia kadiri unavyotaka, kwa hiyo mpiga drams anaweza kurekodi Jumatatu, mpiga besi Alhamisi, na mwimbaji mwezi ujao. Ukiwa na njia 3 huna anasa hiyo. Bendi nzima hukaa chumba kimoja na kupiga kwa pamoja, na akikosea mmoja wote wanarudi mwanzo. Sauti ya tarumbeta ikizidi, dawa yake ni mpulizaji kurudi nyuma hatua mbili. Uamuzi mwingi hufanywa kabla tepu haijaanza kuzunguka: nani anaingia wapi, nani ananyamaza, ubeti wa pili unatofautiana vipi na wa kwanza.

Daptone walichagua mashine ya tepu yenye njia 8. Roth hurekodi kwa maikrofoni chache; drams zinaweza kupewa moja au mbili, na wapulizaji watatu wakaizunguka moja wakipimana wenyewe kwa wenyewe. Matokeo yake sauti huvuja. Drams zinaingia kwenye maikrofoni ya gitaa, gitaa linaingia kwenye ya kinanda. Fundi wa siku hizi hufundishwa kupigana na uvujaji huo, na hujenga vibanda vya vioo ili auzuie. Lakini uvujaji ndio unaoliambia sikio kwamba watu hawa walikuwa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Ukiukata wote, kila chombo kinabaki peke yake, na hakuna kibonyezo kitakachoirudisha ile hewa ya pamoja.

Kuna pia namna ya kugawana kazi. Homer Steinweiss, mpiga drams wa Dap-Kings, hupiga kavu, bila kumwaga visahani kila mahali, anaacha nafasi. Magitaa yalikuwa mawili, Binky Griptite na Thomas Brenneck: mmoja anakata pigo fupi juu ya pigo la 2 na la 4, mwingine anasuka mstari mdogo unaojirudia. Besi haikimbii. Saksafoni ya baritoni inakaa chini, inaipa besi uzito. Fernando Velez yuko kwenye tumba. Dave Guy na tarumbeta yake pamoja na Sugarman wanajibu mistari ya mwimbaji, wanakata, wanakaa kimya. Msikilizaji wa dansi la Dar au Kinshasa hatapata shida kuuelewa mpango huu, maana magitaa ya bendi zetu nayo yanagawana: solo, rithimu, kila mmoja na eneo lake, na anayevamia eneo la mwenzake huonwa kuwa hajui kazi.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwa nini Ronson alikuja Bushwick. Mashine za tepu angezipata London. Maikrofoni za zamani zinanunuliwa. Ila kundi la watu lililokwisha kuzoea kusikilizana kwa miaka, kiasi kwamba mpiga drams anajua mpiga besi atachelewa kwa unywele kabla hajachelewa, hilo halina duka.

Kazi yenyewe

Back to Black ya kwanza, ile ya Uingereza, ina nyimbo 11. Salaam Remi alitayarisha 5, Ronson 6, na ni katika nyimbo za upande wa Ronson ndipo Dap-Kings wanaposikika. Walirekodi Brooklyn kwa namna yao ya kawaida: drams, besi, gitaa na kinanda katika chumba kimoja, juu ya tepu. Winehouse hakuwapo. Sauti yake, pamoja na vinanda vya nyuzi, vilishughulikiwa London, na Tom Elmhirst akavichanganya vyote huko.

Sikiliza Rehab, mmoja wa nyimbo hizo, ukiliweka kando neno la mwimbaji. Drams, makofi, baritoni inayokoroma chini, tarumbeta zinazojibu. Kisha sikiliza rekodi za Sharon za miaka ile, kwa mfano albamu ya Naturally ya 2005. Utasikia mikono ileile. Kilichobadilika ni mwimbaji, mashairi, na namna ya kuchanganya: London waliongeza mwangwi na uzito wa chini unaoendana na redio na klabu za 2006. Kwa maoni yangu mchanganyo ule ndio uliofanya muziki wa watu wachache uingie masikioni mwa wote, na Ronson na Elmhirst wanastahili heshima yao. Na mashairi ya Winehouse yalikuwa ya kwake kabisa, ya mtu wa miaka 22 asiyeficha kidonda. Simulizi ya wizi inakwama hapa: hakuna aliyeuiba wimbo wa mtu. Wapigaji waliitwa, wakapiga, majina yao yakaandikwa kwenye albamu. Roth alipata hata sehemu ya tuzo ya Grammy ya Rehab kama rekodi ya mwaka, kwa kazi yake ya ufundi.

Baada ya albamu kushika moto, mwaka 2007 Dap-Kings walipanda jukwaani na Winehouse katika ziara yake ya Marekani, na wakapiga pia katika albamu ya Ronson mwenyewe, ile yenye wimbo wa Valerie. Magazeti yakaanza kuwaita bendi ya Amy Winehouse.

Fedha hupita wapi

Sijui mwanamuziki wa Afrika Mashariki ambaye hatavutiwa na sehemu hii.

Kwa kawaida Marekani mpigaji wa kukodishwa hulipwa kwa kazi ya studio aliyofanya, basi. Wimbo ukipigwa redioni kwa mawimbi ya kawaida, sheria ya kule inamlipa mtunzi na mchapishaji wake; waliopiga na walioimba hawapati kitu. Ndivyo ilivyo hata kwa nyota. Katika redio za intaneti na za satelaiti kuna mgawo: nusu humwendea mwenye rekodi, asilimia 45 mwimbaji au bendi yenye jina mbele, na asilimia 5 hugawanywa kwa wapigaji na waitikiaji wote walio nyuma. Kwa hiyo wimbo ukipigwa mara milioni moja, mtu aliyepiga tarumbeta yake anachungulia dirishani, isipokuwa kama ni mtunzi pia au ana sehemu ya umiliki wa rekodi.

Hapa kuna mfano mzuri sana, na ulitokea karibu wakati uleule. Thomas Brenneck, gitaa la Dap-Kings, alikuwa na kundi la pembeni, Menahan Street Band, lililopewa jina la mtaa wa Bushwick alikoishi na kurekodia nyumbani mwake. Walikuwa na wimbo usio na maneno, Make the Road by Walking. Mwaka 2007 watayarishaji wa Jay-Z waliuchukua kipande wakaujengea Roc Boys. Kisheria kuchukua kipande kunahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Utunzi ulikuwa wa vijana wale, na rekodi ilikuwa upande wao.

Watu walewale, mtaa uleule, mlio uleule, kasoro ni mwaka tu. Katika Back to Black walikuwa mikono iliyokodishwa. Katika Roc Boys walikuwa wenye mali waliobishiwa hodi na nyota. Nikiombwa kumweleza kijana wa bendi tofauti ya kupiga na kumiliki, nitampa nyimbo hizi mbili azisikilize mfululizo.

Kwa hiyo Daptone walibaki na nini mwaka 2006? Walibaki na studio waliyoijenga, mashine, jina, lebo, tepu zao zote, na mkataba wao na mwimbaji wao. Ronson hakupewa kimojawapo. Alipata saa za kazi, tena kwa njia halali. Na umaarufu wa albamu ukawafanya watu wengi watafute rekodi za bendi yenyewe, wakazikuta zinauzwa na wenyewe. Oktoba 2007 Sharon na Dap-Kings wakatoa 100 Days, 100 Nights, na I Learned the Hard Way ya 2010 ikaingia nafasi ya 15 kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard. Kwa lebo ya nyumba moja Bushwick, hilo ni jambo kubwa.

Linganisha na historia yetu. Kwetu mkubwa wa bendi kwa muda mrefu alikuwa mwenye vyombo. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Ikawa Juwata, ikawa OTTU, hadi Msondo Ngoma ya leo. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha 1983 ikaenda kwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Utaratibu ule ulikuwa na mema yake, mshahara wa kila mwezi ukiwa la kwanza, na Dap-Kings wa 2002 wangeutamani. Lakini mpigaji aliyehama alihama na kipaji chake tu. Magitaa, vipaza sauti, jina, vyote vilibaki kwa mwajiri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, tepu zikakaa Radio Tanzania. Tuna hazina kubwa ya muziki ambayo walioipiga hawakuwahi kuishika mkononi. Ndiyo sababu kisa cha nyumba ya Troutman kinanigusa kuliko visa vingi vya nyota wa Marekani: kinahusu ufunguo wa studio uko mfukoni mwa nani.

Uzito aliobeba Sharon

Hadi hapa nimeitetea biashara ile. Sasa upande wa pili.

Bendi inapokodishwa, mwimbaji wake anakaa wapi? Dap-Kings walipokuwa na Winehouse, Sharon alijitafutia kazi nyingine. Kipindi kile aliitikia katika maonyesho ya mwanamuziki Lou Reed ya albamu yake iitwayo Berlin, akaonekana pia katika filamu ya The Great Debaters. Hakukaa bure. Lakini tazama picha ilivyo. Mwanamke mweusi wa miaka 50, aliyekulia katika muziki huu kanisani, aliyewahi kukataliwa kwa rangi, umbo na umri, anaiona bendi yake ikiupeleka muziki huo kileleni nyuma ya msichana mweupe wa miaka 23. Kisha waandishi wanamtambulisha yeye kwa jina la msichana huyo.

Simlaumu Winehouse hata kidogo. Aliupenda muziki huu kwa dhati na alilipa gharama zake, akafa 2011 akiwa na miaka 27. Wala siwalaumu wapigaji. Watu wana kodi za kulipa. Lawama naipeleka kwa biashara ya muziki iliyokuwa na masikio ya kuutambua mlio ule na haikuwa na macho ya kumwona Sharon. Rekodi zake zilikuwapo sokoni tangu 2002. Ubora wa bendi haukubadilika kati ya Naturally ya 2005 na Rehab ya 2006. Aliyebadilika ni mtu aliyesimama mbele, pamoja na ukubwa wa kampuni iliyoisukuma. Anayesema muziki mzuri hujiuza wenyewe aje na jibu la hilo.

Sharon alijibu kwa jukwaa. Aliyemwona hawezi kumsahau: mwanamke mfupi, viatu kavitupa pembeni, miguu haikanyagi chini ikatulia, Griptite akimtangaza kwa mbwembwe kama watangazaji wa zamani walivyomtangaza James Brown. Jukwaa ndilo lililowalisha. Hapo ndipo penye udhaifu wa mpango mzima wa Daptone, ambao sifa za kujitegemea huuficha. Umiliki wa rekodi huleta fedha polepole. Mshahara wa wiki ulitegemea mwili wa mtu mmoja uendelee kucheza.

Mwaka 2013 mwili huo ukaugua. Sharon aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Albamu ya Give the People What They Want, iliyokuwa tayari kutoka mwaka huo, ikasogezwa, ziara ikasimama, na filamu ya Barbara Kopple kuhusu kipindi kile inaonyesha wazi jinsi kipato cha bendi nzima kilivyotikisika pamoja na afya yake. Albamu ilitoka Januari 2014. Mwezi uliofuata alipanda jukwaa la Beacon Theatre, New York, kichwa kikiwa hakina nywele kwa sababu ya dawa, bila wigi, akaimba na kucheza. Albamu hiyo ndiyo iliyompa uteuzi wake wa kwanza wa Grammy, akiwa anakaribia miaka 59. Ugonjwa ulirudi, akaendelea na ziara huku akitibiwa, akafariki Novemba 18, 2016, akiwa na miaka 60.

Nikipima yote, bado nasema bendi ilifanya sawa kuikubali kazi ya Ronson, na ilifanya sawa zaidi kuto­uza kingine chochote. Ambacho ningependa kingefanywa tofauti ni kidogo na kingewezekana: sharti kwamba mahali popote Dap-Kings wanapopanda na Winehouse, Sharon naye apewe nafasi ya kufungua onyesho. Bendi iko pale pale, vyombo viko pale pale, gharama ni dakika 30. Watazamaji waliofurika kwa ajili ya Rehab wangemwona kwa macho yao mwimbaji ambaye bendi ile ilijengwa kumzunguka.

Na kuhusu faida ya kubaki na tepu, ushahidi ulikuja mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kifo chake, albamu ya Soul of a Woman ilipotoka. Wimbo wa mwisho, Call on God, Sharon aliutunga miaka ya 1970 kwa ajili ya kwaya ya kanisa lake Brooklyn. Sauti yake ilirekodiwa 2007, wakati wa 100 Days, 100 Nights, kisha tepu ikawekwa. Alipokufa, bendi iliitoa, ikawaita waimbaji wenzake wa kwaya ileile wamwitikie, na Daptone ikauchapisha bila kumwomba ruhusa mkurugenzi wa kampuni yoyote.